Fundi Hemedi Kitwana, Aliyesuka Mngurumo wa Gitaa la Tangini

Tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Hemedi Kitwana, Fundi Mkuu wa Umeme katika Kiwanda cha Kamba Tangini, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya utumishi wa miaka ishirini na mmoja. Kamati ya Ustawi ilimwomba aandike mwenyewe historia yake. Akajibu kwamba kazi yake ni kusuka mota, si kusuka maneno. Jibu hilo halina hata chembe ya ukweli, kwani kwa maneno hana mpinzani kiwandani hapa, na wanaokula naye meza moja kantini watanisadiki. Hata hivyo alikataa, na kalamu ikaniangukia mimi, niliyepiga gitaa la besi kando yake kwa miaka mingi na kubishana naye karibu kila wiki.

Ndugu Hemedi ni mzaliwa wa Chole, Kisarawe, katika ukoo wa wakulima wa mihogo na mikorosho. Ufundi wa umeme aliupata Gerezani, Dar es Salaam, katika karakana ya kusuka upya nyaya za mota zilizoungua. Alipoajiriwa hapa Aprili 1963, kiwanda kilikuwa bado mali ya mtu binafsi na Tangini ilikuwa vichaka na njia za miguu. Vumbi la katani kutoka mashamba ya Kwala liliingia kwenye mota na kuziunguza ovyo. Yeye alikuwa akiingia idara ya usokotaji, ananusa hewa, kisha anaonyesha kwa kidole mashine itakayozimika kabla ya chai. Mara nyingine alikosea, lakini hizo hakuzihesabu.

Kiwanda kilipokuwa mali ya umma, wafanyakazi tuliomba bendi, na mwaka 1968 ikazaliwa Tangini Kamba Jazz. Magitaa, ngoma na amplifaya vilinunuliwa na kiwanda na vikawa mali ya kiwanda. Sisi wapigaji tulikuja na vidole vyetu tu. Anayeacha kazi huacha na gitaa, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Ndugu Hemedi alikabidhiwa utunzaji wa vyombo kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyejua kuunga waya kwa risasi iliyoyeyushwa bila kuunguza meza. Muziki wenyewe hajui. Akiimba, hata paka wa kantini huondoka.

Kwa wasiofahamu, gitaa la umeme lina kitu kiitwacho pikapu. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu, ikakaa chini ya nyuzi za gitaa. Uzi ukitikisika, pikapu inaunasa mtikisiko huo na kuupeleka kwenye amplifaya. Ukiongeza waya au nguvu ya sumaku, sauti hutoka nene zaidi, na amplifaya ikifunguliwa mpaka mwisho hukwaruza na kunguruma. Miaka ya sabini vijana walianza kuutaka mngurumo huo. Ndugu Hemedi alipousikia kwa mara ya kwanza alisema hiyo ni sauti ya mota inayoungua, akashauri tuzime umeme haraka. Mwezi haukuisha, akawa amenogewa kuliko vijana wenyewe.

Pikapu tuliyonunua na gitaa ilikuwa ya upole, haingurumi hata uibembeleze. Kuagiza nyingine kutoka nje kulikuwa ndoto. Wakati huo hata nyuzi za besi nilitumia waya za breki za baiskeli. Basi Ndugu Hemedi akaanza kusuka zake. Waya aliutoa kwenye koili za simu mbovu, sumaku kwenye spika zilizopasuka.

Ya kwanza ilitutia aibu. Yeye ni mtu wa mota, na mtu wa mota hupima sumaku kwa kuona inabeba nini. Alichagua ile iliyobeba misumari mingi kupita zote, akaifunga karibu kabisa na nyuzi. Sumaku ikawa inazivuta nyuzi zenyewe, gitaa likawa halitulii kwenye sauti. Tulimlaumu mpiga solo wetu, Mfaume Matano wa idara ya usokotaji, tukamwambia masikio yake yamejaa katani. Mfaume alivumilia maneno yetu mpaka Ndugu Hemedi alipogundua kosa, akaja mazoezini akamwomba radhi mbele ya bendi nzima.

Ya pili ilikuwa na nguvu ya kutosha, ila ilipiga yowe kila Mfaume alipoisogelea amplifaya, na katikati ya nyimbo ilileta mvumo wa mashine za kusokota zilizo nyuma ya ukuta wa ukumbi. Mvumo aliumaliza kwa kusuka koili mbili zinazopingana, ili kila moja iue uchafu wa mwenzake. Yowe ndilo lililompeleka Chole. Alikuwa amegundua kwamba waya uliolegea unatikisika na kupiga kelele, na kwamba dawa yake ni kuichovya pikapu ndani ya nta iliyoyeyushwa. Dada yake Mwanaasha ana mizinga ya nyuki huko, akampa nta kutoka kwenye masega. Kwa haraka ya dansi la Mlandizi hakuichuja vizuri, ikabaki na asali ndani.

Waliokuwepo Mlandizi siku ile hawasahau. Wimbo wa tatu, sisimizi walitoka kwenye gitaa wakapanda mkono wa Mfaume, wengine wakaingia ndani ya shati. Mfaume hakuacha kupiga. Aliruka, akazunguka, akapiga magoti, akajikwaruza mgongo kwenye nguzo, huku gitaa likinguruma. Watu walishangilia wakidhani ni mtindo mpya. Wiki iliyofuata vijana wa Tangini walikuwa wanaucheza mitaani. Tangu hapo Ndugu Hemedi huchuja nta mara mbili kwa kitambaa cha kanga, na neno sisimizi halitajwi mbele yake.

Nimefika mwaka 1982, nao ndio ulionifanya nikubali kuandika.

Mwaka huo bendi moja kubwa ya Dar es Salaam ilimtaka Mfaume. Meneja wetu hakuficha jambo: bila mpiga solo hakuna bendi, na Mfaume akiondoka vyombo vitafungiwa ghalani mpaka apatikane wa kuvichukua. Ndugu Hemedi alikaribia kustaafu. Alitwambia waziwazi kwamba kuiona bendi ikifa kabla hajaondoka kutamuuma kuliko kuondoka kwenyewe. Usingizi wake ulipungua na utani ukakatika. Kwa mara ya kwanza tulimwona akinywa chai bila kugombea sukari.

Mfaume naye alikuwa na kishawishi cha pili. Mjomba wake, baharia, alimletea kutoka Ulaya pikapu ya kisasa, koili mbili, iliyotengenezwa mahsusi kwa mngurumo mzito. Hiyo ilikuwa yake mwenyewe, angeweza kuondoka nayo mfukoni. Ya Ndugu Hemedi ilikuwa mali ya kiwanda. Mfaume akasema zipimwe mbele ya wafanyakazi. Ya baharia ikiwa bora, ataichukua na kwenda zake Dar. Ya fundi ikiwa bora, atabaki nayo Tangini.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa. Tulikaa tumeligeuzia jukwaa mgongo, Ndugu Hemedi kiti cha mbele, maana yeye ndiye aliyedai hivyo ili asiwepo wa kumpendelea. Gitaa lilikuwa lilelile, amplifaya ileile, imefunguliwa mpaka mwisho. Nyuma ya pazia, Mashaka wa karakana alibadilisha pikapu, sisi tukisubiri kwa chai na mihogo. Mpangilio aliujua yeye na Mfaume tu. Ndugu Hemedi alitamba kabla hata nyuzi hazijaguswa. "Mwanangu nitamjua kwa kilio chake," alisema.

Ya kwanza sote tuliitambua, ni ile ya upole iliyokuja na gitaa, iliyowekwa kwa kulinganisha tu. Sauti safi, nyembamba, ya kuchezea wazee. Amplifaya iliyofunguliwa mpaka mwisho iliiongezea kelele, lakini uzito haikuiongezea.

Ya pili ilitupiga kifuani. Mfaume alizibana nyuzi nene kwa kiganja na kila pigo lilikuja limekazana, halafu uzi mmoja mwembamba aliouvuta ukalia na kulia bila kufifia. Hapakuwa na yowe wala mvumo. Ila alipopiga nyuzi zote kwa pamoja zilichanganyika zikawa uji, na gitaa la ridhimu lililomsindikiza halikusikika kabisa.

Ya tatu ilikuwa na ukali mbele na mchanga kidogo katika koo. Nguvu yake ilikuwa pungufu kidogo kuliko ya ile ya pili, na mwishoni ililia yowe dogo. Lakini nyuzi zote zilipopigwa pamoja, kila mmoja ulisikika kwa jina lake, na ridhimu ikapata pa kupita. Miguu ya watu ilianza kwenda yenyewe chini ya viti.

Bi Marselina wa kantini, mwenyekiti wa siku ile, aliita kura za mikono. Ya kwanza ilipata mkono wa mlinzi wetu mzee, naye alisema ameihurumia. Kwa ya pili ilinyooshwa mikono michache, na uliokuwa juu kuliko yote ulikuwa wa Ndugu Hemedi, uso wake umekunjuka kama wa baba aliyeitwa kupokea zawadi ya mwanawe shuleni. Kwa ya tatu karibu ukumbi mzima uliinua mikono. Bi Marselina aliongeza lake: "Ya pili tamu, lakini inakula wenzake. Sie huku tunakula pamoja."

Mashaka akafungua pazia na kutangaza. Ya pili ilikuwa ya baharia. Ya tatu ilikuwa ya Ndugu Hemedi.

Kicheko tulichoangua ukumbini kilisikika hadi barabara kuu. Ushindi ulikuwa wake, bendi ilikuwa imepona, na kilichobaki kwake ni kucheka nasi na kunyamaza. Hakunyamaza. Aligeuza kiti, akaomba ya pili irudishwe, akaisikiliza akiitazama. Kisha akasimama.

"Kura ni ya watu, sikio ni langu," alisema. "Kwa mngurumo, hii ya ng'ambo imenizidi. Nguvu yake imetulia, yangu bado inahangaika. Mfaume, mwanangu, nami nimeichagua kwa mkono wangu. Ukitaka kwenda, nenda nayo na radhi zangu juu. Siwezi kumshika mtu kwa waya."

Sitaficha kwamba tulikasirika. Tulikuwa tumeiokoa bendi, naye anaitoa nje kwa mkono wake mwenyewe. Mimi binafsi nilitamani kumvisha gitaa la besi kichwani. Tulitoka ukumbini bila kuagana naye, na nadhani alielewa, maana alibaki peke yake akikunja nyaya.

Jumatatu Mfaume aliripoti kazini kama kawaida. Alipitia karakana, akampa Ndugu Hemedi shikamoo, akaweka pikapu ya baharia juu ya meza na kusema, "Mzee wangu, ifungue uone wamefanyaje." Ndugu Hemedi aliifungua. Alijifunza jinsi walivyoziweka sumaku na jinsi waya ulivyolala, kisha akasuka nyingine, yenye utulivu wa ile ya Ulaya na adabu ya ile ya Tangini. Ndiyo iliyomo kwenye gitaa hadi leo. Mwaka jana bendi yetu iliongoza mashindano ya mashirika ya mkoa, na wapigaji kutoka sehemu mbalimbali huja kuomba wapewe siri yake. Huipata bure, pamoja na mhadhara mrefu ambao hawakuuomba.

Mengine aliyotutendea ni mengi. Ameacha vijana karakana wanaosuka mota bila kusimamiwa. Alivuta umeme hadi zahanati ya kiwanda kwa nyaya alizoziokota na kuziunga. Katika misiba yetu hakukosa, na katika harusi zetu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuacha kuzungumza.

Neno moja limebaki, nami naliandika kwa ruhusa ya Mfaume. Tangu siku ile, Ndugu Hemedi amewaambia watu wote, kuanzia Kwala mpaka Kisarawe, kwamba kilichombakisha Mfaume ni nguvu ya sumaku yake. Mfaume amekuwa akimwacha aseme, kwa heshima. Ukweli ni kwamba siku ya kupima, begi lake lilikuwa limeshafungwa. Masikio yake nayo yalikuwa yameichagua ya baharia, na hata kura za ukumbi mzima zisingemzuia. Nilipomuuliza sababu, alinijibu akiwa amejiinamia. "Dar ningepata gitaa zuri, ningepata na jina," alisema. "Lakini ningempata wapi mzee wa kuniambia nenda, na moyo wake wote unataka nibaki?"

Kwa hiyo, Mzee wetu Hemedi, asante kwa miaka yako yote. Tunakuombea huko Chole afya, usingizi mzuri na mvua za wakati. Usimulie habari za Tangini upendavyo, tumekuzoea. Ila usiwaambie tena kwamba ilikuwa sumaku. Mfaume alibaki kwa ajili yako.

Bernard Maneno
Idara ya Usokotaji, kwa niaba ya wafanyakazi wote