Folda ya Marehemu Bi Dalal

Alasiri ile Msabah alifika barazani, mtaa wa Malindi mjini, kompyuta kwapani, uso umemkunjamana. Kazi yake ni kurikodi wazee wa Matemwe wakisimulia mambo yao. Sauti hizo programu huzipeleka yenyewe kutoka mjini hadi kompyuta ya maktaba ya kijiji. Jana maktaba wamefunga kompyuta mpya, na tangu asubuhi programu inagoma. Huko Matemwe Bi Shemsa, asiyeona, amekaa mbele ya spika akingoja sauti ya dada yake, marehemu Bi Dalal. Msabah alijibana baina ya Matar, mchukuzi wa bandarini waliyemwita Winchi, na Ghanim, fundi saa waliyemwita Profesa kwa sababu hakuna asilolijua. Kahawa ikamiminwa.

— Imekataa tena, alisema Msabah.

— Forodha hiyo, alisema Winchi. Mzigo hauna kibali.

— Sauti haina forodha, Matar.

— Kila kitu kina forodha, yakhe. Mie ndo nnaobeba, nnajua.

— Hebu nsikilizeni. Kompyuta ya zamani ilikuwa na folda ya Matemwe, na ndani yake folda ya Bi Dalal. Hii mpya tupu. Sasa programu inataka kuitia sauti ndani ya Bi Dalal...

— Astaghfirullah! Kahawa ilimpalia Winchi. Maiti yule!

— Folda, Matar! Folda! Hiyo ya mwisho programu inaweza kuitengeneza. Lakini ya juu yake, ya Matemwe, haipo, basi inarudi na mzigo wake.

— Hapo umekosea, alisema Profesa. Waya wa baharini huo. Papa kautafuna.

— Waya mzima, Bwana Ghanim. Programu imefika, imekosa pa kuweka.

— Imefikaje na waya umetafunwa?

Msabah alifumba macho. Simu ikalia: Ilham, mjukuu wa Bi Shemsa, kwa mara nyengine. Aliigeuza kifudifudi. Angemwambia nini?

— Basi si papa, alisema Winchi. Pango la Mangapwani. Lile linavuta sauti. Babu yangu alimwita mbuzi wake pale, jina likaingia ndani lisitoke. Mbuzi yule kafa hana jina.

— Nyie hamuoni mbali, alidakia Profesa. Matemwe inafutwa. Leo folda, kesho ramani, keshokutwa mtu anakwenda anakuta bahari tupu.

— Basi jamani, basi! Msabah alipiga kelele mpaka kikombe kikamwagika.

Alikuwa akiikumbuka ile rikodi. Bi Dalal anahadithia alivyogombea na dada yake kanga moja ya harusini, wakaichana, kila mmoja akaenda na nusu. Kisha anacheka, anacheka mpaka anakohoa. Wengine wana picha za marehemu wao. Bi Shemsa picha haimfai kitu.

Akainamia maelezo ya programu, akasoma polepole huku wenzake wakibishana juu ya papa. Akaandika neno moja. Akatuma. Ikafika.

— Umefanya nini? aliuliza Winchi.

— Nimeiambia, kama folda za juu hazipo, zitengeneze kwanza.

Simu ililia tena. Safari hii aliipokea, akaiweka spika. Kicheko cha Bi Dalal kilijaa barazani, na juu yake cha mwengine, kilichochanganyika na kilio.

— Kaka Msabah, alisema Ilham, bibi anataka kujua ilikuwa nini.

Msabah akaeleza yote, mpaka lile neno. Kisha ikaja sauti ya kizee.

— Shikamoo Bi Shemsa.

— Marahaba mwanangu, Mungu akuweke. Lakini nambie. Lazima chombo kiambiwe kwanza kitengeneze pa kuweka? Kwani yupo mtu anayetuma kitu akitaka kisifike?

Winchi akamtazama Profesa. Profesa akatazama ndani ya kikombe chake, akakizungusha, akakitazama tena.

— Mwanangu? Upo?

— Naam, Bi, alisema Msabah. Nipo.