Bi Zera na Pumzi ya Mpira wa Lori

Wasikilizaji wapendwa, mwenye chungu jikoni apunguze moto, mwenye safari aahirishe kidogo, tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Bi Zera wa Kibiti, mke wa marehemu Murtaza mwenye duka. Bi Zera ametutoka Ijumaa iliyopita, nyumbani kwake, kwenye chumba kile kile cha nyuma ya duka. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio. Aliyetutoka ni Bi Zera, mke wa Murtaza, yule mama wa samaki.

Wengi mlimwita hivyo, Mama Samaki. Wengine, na msinifiche, mlimwita kwa jina jingine akishawapa kisogo. Tutalifikia.

Turudi kwanza enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mnazikumbuka. Duka lililokuwa na chumvi na viberiti vilivyoota ukungu, ghafla likajaa vitu. Sabuni za rangi rangi, redio kaseti, mitumba mpaka barazani. Murtaza alikuwa akienda Dar es Salaam kuchukua bidhaa na kurudi na lori. Safari moja Zera alitoka mlangoni kumpokea, akitazamia mafuta ya kula. Akamwona mumewe anashuka amekumbatia mfuko wa nailoni wenye maji, na ndani yake samaki wekundu. Juu ya lori, katikati ya magodoro mawili, kulikuwa na tanki la kioo.

"Wa kukaanga hawa?" Zera akauliza.

"Wa kutazama," akajibu Murtaza.

Kibiti ilicheka, wasikilizaji. Mtu wa Rufiji, samaki kwake ni kitoweo tangu enzi za mababu, leo anaambiwa kuna samaki wa kutazama! Lakini watu walikuja. Walijaa dukani, wakatazama wale samaki na taa yao na viputo vyao. Mmoja alikuwa mkubwa kuliko wote, tumbo mbele, kutwa anafungua mdomo na kuufunga bila kutoa neno. Murtaza akampa jina la Diwani. Zera alicheka mpaka akaketi chini.

Sasa, viputo vile si urembo. Samaki wa kwenye kioo anahitaji hewa iingie majini, na hewa ile ilisukumwa na pampu ndogo ya umeme. Na umeme wenyewe ulitoka wapi? Haukuwa wa nguzo. Kwenye mtaa ule ulitoka kwenye jenereta ya jirani mwenye mashine ya kukoboa mpunga, aliyewavutia waya wenye maduka wachache. Dizeli ikiwepo, kuna umeme. Dizeli ikikata, hakuna. Yalikuwa maisha ya kubahatisha, na kwa wakati ule halikuwa jambo la kumkosesha mtu usingizi.

Kisha Murtaza akapatwa na kiharusi.

Upande mmoja wa mwili ukalala. Maneno yakaondoka. Na kula, wasikilizaji, akagoma kabisa. Zera alipika kichiri, ule wali laini wa dengu, akapika uji, akapika mtori aliofundishwa na nesi Marsela wa kituo cha afya. Murtaza alifumba mdomo na kuugeukia ukuta. Nesi Marsela alikuwa mama wa Kingoni asiyezungusha maneno. Akamwita Zera pembeni akamwambia, "Mama Tasnimu, asipokula hatuna safari naye ndefu."

Siku hiyo Zera aliogopa hofu ya kweli, hofu inayokausha mate. Binti yake Tasnimu, aliyeolewa Dar, anakumbuka mama alivyowaza jambo la ajabu. Akawaita vijana wa dukani, wakalihamisha tanki kutoka dukani hadi chumbani, miguuni mwa kitanda. Jioni akamwaga chakula kidogo majini. Samaki wakapanda. Diwani akafungua mdomo. Na Murtaza, macho kwenye kioo, akafungua mdomo naye. Zera akaingiza kijiko cha uji haraka.

Ikawa hivyo kila siku. Samaki wakila, naye anakula. Samaki wasipolishwa, hafungui. Nalisema tena, maana yote yatakayofuata yanasimama hapo. Uhai wa Murtaza ulikuwa umefungwa kwenye samaki wale, na uhai wa samaki ulikuwa umefungwa kwenye jenereta ya mashine ya mpunga.

"Mama alikuwa akilala sikio liko macho," anasema Tasnimu. "Ile ngurumo ya mashine ikikatika tu, kabla taa haijazimika vizuri, yeye ameshasimama."

Bi Zera hakuwa mtu wa kuogopa amekaa. Tahadhari kabla ya hatari. Alinunua betri ya lori na pampu ya hewa inayokubali betri, akaiweka chini ya meza ya tanki. Alijifunza kwamba umeme ukikatika samaki wanyimwe chakula kwa muda, kwa sababu chakula kikibaki majini kinaoza na kula ile hewa kidogo iliyopo. Kwa hiyo siku za giza alimlisha Murtaza kwanza mchana, samaki wakipewa chembe mbili tatu za kumdanganya mgonjwa. Alijifunza kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, yaanguke kwa kishindo, yabebe hewa. Lakini betri nayo ilichajiwa na jenereta ile ile. Likawa jambo la kumsumbua kichwa. Dizeli ikichelewa sana, je?

Jibu alilipata kwa Mshamu, fundi pancha wa pale stendi ya malori. Mnaijua barabara ya kusini ya miaka ile, ilikuwa ikitafuna matairi kama muwa. Zera alipita na kapu lake, akamwona Mshamu amejaza upepo mpira wa ndani wa tairi, ameuzamisha kwenye karai la maji, anatafuta tundu. Viputo vikapanda kutoka kwenye mpira, vidogo vidogo, mfululizo.

Zera akasimama pale pale. "Mshamu, huo upepo unakaa muda gani humo?"

"Mpira mzima? Mpaka utakapoufungulia, mama."

"Nataka mipira hiyo. Mizima. Ya lori."

"Una lori, Mama Tasnimu?"

"Nina Diwani," akajibu, na Mshamu akabaki ameshika kiuno.

Nesi Marsela akampa mpira wa dripu uliokwisha kutumika na kuchemshwa, wenye kile kigurudumu cha kupunguzia maji. Mshamu akaunga ncha moja kwenye valvu ya mpira wa lori. Ncha nyingine ikaingia kwenye tanki. Zungusha kigurudumu taratibu, na viputo vinatoka polepole, bila umeme, bila betri. Mipira ikatundikwa ukutani imevimba, na mawingu yakitanda tu Zera anaikagua mmoja mmoja kwa kidole.

Lakini mji ulikuwa unatazama. Tanki lililokuwa la kuchekesha sasa liko chumbani kwa mgonjwa, linawaka. Samaki hawaliwi. Mipira imevimba ukutani inapumua. Na mwenye nyumba ameanguka upande mmoja. Maneno yakaanza. Eti Murtaza alifuga majini ya utajiri, na sasa yamemgeukia. Ndilo lile jina jingine nililolisema, wasikilizaji. Mama Majini. Wanunuzi wakawa wananunulia dirishani badala ya kuingia.

Mtu mmoja hakuacha kuingia. Bi Fatu, jirani, msukaji wa mikeka, mwenyeji wa Mohoro. Kila jioni alikuja na ukindu wake, akakaa kizingitini, akasuka, akapiga soga na shoga yake. Zera alidhani huyu walau haamini yale maneno. Hakumuuliza, na Fatu hakusema.

Zikaja mvua za El Nino. Hapa sina haja ya kueleza, kila nyumba ina habari yake. Barabara ikageuka tope, malori yakakwama njiani, dizeli ikakata Kibiti nzima. Mashine ikanyamaza. Zera akawasha betri. Betri ikafa. Akafungua mpira wa kwanza, wa pili, mpaka ukutani pakabaki mipira miwili tu. Kila asubuhi alikuwa akimsukumia Mshamu mipira mitupu kwa toroli, na Mshamu anaijaza kwa pampu ya mguu, maana mashine yake ya upepo nayo ilikuwa imelala.

Jioni moja Zera aliona mpira wa mwisho umeanza kulegea. Fatu alikuwepo.

"Shoga, nikalie na Baba Tasnimu. Nakimbilia kwa Mshamu sasa hivi."

"Nenda, nipo," akajibu Fatu.

Kilichofuata nimekipata kwa Bi Fatu mwenyewe, ambaye leo ni bibi wa watu. Sikilizeni maneno yake.

"Magharibi ikaingia, giza. Ule mpira ukaisha, viputo vikakata. Kimya. Mara nikasikia kwenye maji, mcho, mcho, mcho. Nikatazama. Samaki wote wapo juu, midomo nje, wananong'ona! Na Baba Tasnimu kitandani anagumia, mkono wake mzima anaurusha rusha. Mie nikasema basi, ndo hayo, yanamchukua. Nywele zilinisimama. Nikataka kukimbia, lakini nimeahidi nipo. Nikakumbuka mama alivyotufunza, chombo cha maji hakiachwi wazi magharibi, shetani huingia. Nikachukua ile nailoni ya mezani nikafunika kioo chote, nikakaza. Juu nikaweka ubao. Na kila nikikaza, Baba Tasnimu anazidi kugumia. Nami nazidi kukaza nikisoma dua."

Wasikilizaji, mwili unanisisimka. Murtaza alikuwa akiona samaki wake wanakosa hewa. Alikuwa akimwomba Fatu asifunike. Hakuwa na neno la kumwambia.

Zera akarudi na mipira miwili begani, amelowa. Akakuta chumba kimya, tanki limefunikwa, mumewe machozi yanamchuruzika hadi sikioni. Akang'oa ubao na nailoni. Samaki walikuwa wanaelea ubavu.

"Umefanya nini, Fatu? Umefanya nini!"

"Nimewakinga, shoga! Nimekukingia mumeo!"

"Umemuua! Hao wakifa naye amekufa!"

Fatu ndipo akaelewa. Akaanguka chini akashika pindo la nguo ya Zera, akasema lililokuwa kifuani siku zote. Kwamba anayaogopa maji yale. Kwamba tangu tanki liingie chumbani hajawahi kukaa pale bila kusoma kimoyomoyo.

Zera aliitupa nailoni chini. Kisha akauliza, "Siku zote hizi ulikuwa unaogopa?"

"Siku zote."

"Na ulikuwa unakuja?"

"Ningekuacha na nani?"

Hasira ya Zera ikakosa pa kukaa. Akamtia Fatu kikombe mkononi. "Chota. Mwaga kutoka juu. Usiache." Yeye akaunga mpira. Fatu akachota maji aliyoyaogopa na kuyamwaga, akachota na kumwaga, adhana ya isha ikapita wakiwa bado wanachota. Samaki wale hawakuamka. Mmoja tu, chini kabisa, alichezesha shavu. Alikuwa Diwani.

Usiku ule Murtaza hakula. Asubuhi alikuwa ameugeukia ukuta tena, kama zamani. Zera alimwaga chembe za chakula. Diwani hakupanda. Akangoja. Fatu alikuwa kizingitini, mkeka hausuki. Diwani akapanda taratibu, amelala upande mmoja, akafungua mdomo.

"Baba Tasnimu," Zera akaita. "Mtazame Diwani. Naye upande mmoja umelala, na anakula."

Murtaza akageuka. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua mdomo.

Aliishi miaka mingine baada ya hapo, wasikilizaji wapendwa. Alikufa akiwa ameshiba, na Diwani alimtangulia kwa msimu mmoja tu, lakini mgonjwa hakuacha kula, maana kufikia hapo alikuwa amejifunza kula kwa mkono wake mzima. Umeme wa nguzo ukaja Kibiti. Zera akafuga samaki wengine, na mipira ya lori ikabaki ukutani imejaa upepo mpaka juzi. Mtu akimwambia sasa umeme upo, alikuwa akijibu, "Na ukikatika?" Vijana waliofuga samaki Ikwiriri na hata Utete walikuja kujifunza kwake. Aliwafundisha betri, aliwafundisha mpira, aliwafundisha kikombe. Mwisho alikuwa akiwaambia, "Na jirani mwelezeni mapema kinachotokea humu. Msingoje giza."

Ijumaa iliyopita kifua kilimbana. Aliyekuwa kando yake ni Fatu, anampepea kwa upepeo wa ukindu aliousuka mwenyewe. Tasnimu alikuwa bado njiani kutoka Dar. Zera alipokata roho, wanawake wakampa Fatu khanga amfunike uso.

"Mkono uligoma," Bi Fatu ameniambia. "Nikamtazama sana. Kifua, pua, mdomo, nikahakikisha. Nikamwambia, shoga, safari hii nimeangalia kwanza. Ndipo nikamfunika."

Pole kwako Tasnimu, na wajukuu, na ndugu wote wa marehemu Murtaza. Pole kwako Bi Fatu, na kwa Mshamu, ambaye ametuma salamu zake kutoka Bungu. Mwenyezi Mungu ampe Bi Zera makao mema.

Na wewe unayenisikiliza, jioni inaingia. Labda kuna nyumba hapo mtaani kwako unayoiogopa, na umeisemea maneno usiyo na hakika nayo. Nenda kapige hodi. Ingia, uliza wanahitaji nini, na utazame vizuri kabla hujafunika.