Mwalimu Enesi Silwimba na Moli Yake

Tarehe 30 Juni 2025 Mwalimu Enesi Silwimba anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha kemia katika shule yetu hapa Chapwa. Kamati ya kumuaga ilitaka wasifu wake uandikwe na aliyekaa naye muda mrefu kuliko wote. Huyo ni mimi, Raphaeli Simbeye, mpishi mkuu. Nilisoma hadi darasa la nne, linanitosha. Ugali wa wanafunzi mia sita haujawahi kuniungulia.

Alitoka Ileje akiwa msichana mwembamba, mwenye sauti ya kusikika mpaka kwenye foleni ya malori ya mpakani. Mwaka wake wa kwanza nilimsikia dirishani akiwadai wanafunzi moli mbili za chumvi. Sisi Wanyiha, l na r kwetu ni ndugu. Nikajua anataka mori, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Nikamfuata: "Mwalimu, mori wawili ni mahari ya mtu, hawa watoto watawatoa wapi?" Alicheka mpaka akakaa chini, akasema moli ni kipimo cha kemia. Kosa lilikuwa la matamshi yake.

Mwaka 2009 hakucheka. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, swali la moli, walipata wanne kati ya arobaini. Mkuu wa shule wa wakati ule akampa wiki mbili: wasipoelewa, kemia inakwenda kwa mwalimu mwingine, yeye ahamie stoo ya vitabu. Mwalimu akaja jikoni macho mekundu, akaomba maharage na mchele.

"Mzee Rafa, tukipima gramu mia za kila kimoja, halafu kila punje ya mchele tuiozeshe harage moja, kama mke na mume, maharage yatatosha?"

Nikamwambia yatatosha na kubaki, kilo ni kilo. Tukawekeana dau: atakayeshindwa ataosha masufuria wiki nzima.

Wanafunzi wakaozesha darasani. Maharage yakaisha, mchele kama haujaguswa. Binti mmoja, Lusungu, akaruka: "Kumbe uzito sio idadi! Moli ni idadi, kama dazeni, ila kubwa mno!" Mwalimu akaongeza: maharage mia yana gramu arobaini, basi ukitaka elfu moja huhesabu, unapima gramu mia nne. Ndivyo wanavyohesabu chembe ambazo hata mimi sizioni, na mimi naona mawe kwenye mchele bila miwani.

Nilishindwa kwa makusudi, ili watoto waelewe. Masufuria niliosha.

Mtihani uliporudiwa, walipata thelathini na watatu. Kemia ikabaki kwa Mwalimu Enesi. Lusungu leo ni mfamasia pale Vwawa, anapima dawa za watu, na hajakosea.

Mama Enesi, ulipewa wiki mbili, ukakaa miaka kumi na sita. Aliyetaka kukutoa alihama kabla yako. Wewe unatoka kwa tarehe yako mwenyewe, na hakuna aliyekusukuma. Tunakushukuru sana. Nenda Ileje ukapumzike kwa furaha na afya, na yeyote atakayekuuliza ulifanya kazi gani, mjibu kwa sauti ile ile ya foleni ya malori.