Aulizwe Mwenyewe: Maisha ya Dada Yetu, Fundi Pindo

Marehemu alikuwa na sharti moja: jambo linalomhusu aulizwe yeye, si anayemsukumia kiti cha magurudumu. Alilishika tangu utotoni, na sisi tuliokua naye tulilijua kuliko wote.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili kati ya watatu wa mwashi na mkunga. Akiwa na miaka mitatu alipatwa na polio, na miguu yake haikusimama tena. Mwaka 1974 baba alimbeba mgongoni hadi shule ya msingi. Mwalimu mkuu akamuuliza baba, "Huyu kusoma ataweza kweli?" Jibu likatoka mgongoni: "Mwalimu, mimi naumwa miguu, siumwi masikio." Akaandikishwa siku hiyohiyo. Baadaye alisomea ushonaji chuo cha ufundi kwa miaka miwili.

Mwaka 1984 alifungua chumba chake cha kushonea, mkabala na posta, akitumia cherehani ya mkono. Upindo wake haukufumuka, ndipo alipopata jina la Fundi Pindo. Kwa kuwa alipima akiwa ameketi, kila mteja alipiga magoti apimwe mabega. Mwalimu mkuu yuleyule, akiwa amestaafu, alikuja kushonewa suti. "Piga magoti, mwalimu," alimwambia, "na usibane tumbo, utanidanganya." Walicheka mpaka utepe wa kupimia ukadondoka.

Tarehe 22 Agosti 1992 alifunga ndoa na fundi rangi, wakajaliwa binti mmoja. Msajili alimuuliza bwana harusi kama bibi harusi ameridhia. "Muulize mwenyewe," bwana harusi akamjibu, "kama unapenda usalama wako." Mumewe alitangulia mwaka 2015.

Tarehe 3 Juni 2024 marehemu alilazwa kwa homa ya mapafu. Binti yake alikuwa safarini kikazi. Alhamisi, tarehe 6, saa nne asubuhi, daktari alimwita kaka yetu mkubwa pamoja nami, mdogo wao, kwenye meza ya wauguzi. Alisema oksijeni ya barakoa haimtoshi tena. Mashine ya kupumulia ilikuwepo, ila "kwa ulemavu alionao" hakuona sababu ya kumsumbua. Kaka akasema, "Ameteseka tangu utoto, daktari. Mwacheni apumzike." Akasaini kwamba asiwekewe. Mimi nikasaini chini yake.

Marehemu alikuwa macho, akili timamu. Saa moja kabla alikuwa amesogeza barakoa ya oksijeni na kumwambia muuguzi, "Mwanangu, upindo wako umefumuka. Niletee sindano." Jirani yake wa kitanda cha pili, mwenye ugonjwa uleule na umri mkubwa kuliko wake, aliwekwa kwenye mashine mchana huo bila ndugu kuitwa mezani. Yule anatembea kwa miguu yake. Anaendelea kupata nafuu.

Ijumaa marehemu aliona kitanda kile kitupu. "Jirani yangu wamempeleka wapi?"

"Kwenye mashine, dada."

"Na zamu yangu lini?"

Nikamjibu, "Kesho."

Alifariki Jumamosi, tarehe 8 Juni, saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini na minane.

Kaka aliomba aya hizi zisichapishwe. Zimechapishwa. Dada yetu hakuwahi kutuambia kwamba maisha yake ni mateso. Tulimsemea sisi, tukaita huruma.

Ameacha binti, mjukuu mmoja, kaka, mdogo wake, na mafundi kumi na mmoja aliowafundisha kazi. Mungu ampe pumziko, na kila atakalomfanyia, amuulize mwenyewe kwanza.

Kutoka meza ya wauguzi hadi kitanda chake ni hatua kumi na mbili. Hatukuzitembea, na dada yetu amekufa akingoja zamu yake.