Senta wa Miaka Ishirini na Miwili

Kaeni. Na wewe Reginald, kaa, hicho kiti hakitakuchafua suruali, na uache kutazama saa kwa sababu mwenye haraka hapa ni mimi. Evelyn, mama, niinue mgongo, ongeza mto wa pili, hapo hapo, nikilala chali maji ya kifuani yananipanda na maneno niliyonayo ni mengi kuliko pumzi. Sumari, mjukuu wangu, njoo ukae chini karibu na kichwa changu, nisilazimike kukutazama kama mtu anayetafuta mvua. Mimi Ndeshi, niliyewafundisha kusoma kabla hamjajua kunibishia, nasema haya nikiwa na akili zangu zote, Jumapili mchana, mchungaji ameshaniombea na ameondoka, kwa hiyo yaliyobaki si yake, ni yetu.

Najua kesho asubuhi Reginald anakwenda mjini kwa wakili kuapa. Najua karatasi ya kiapo iliyomo kwenye ile bahasha ya kaki inasema kwamba kijana huyu anaitwa Gidion, mtoto wa Nashipae wa Momela, amezaliwa mwaka sabini na nane, ana miaka kumi na minane. Najua Alhamisi wakala wa wachezaji anakuja kuichukua ampeleke kijana chuoni Marekani akacheze mpira wa kikapu, awe senta, yule mrefu wa chini ya goli. Na najua kwamba ili apate nauli mmeongea na wenye mashamba ya maua, wakaja wakapima kipande cha chini cha kihamba, shamba letu la ukoo, pale mfereji unapopita, wakachomeka vigingi katikati ya kahawa ya baba yenu, mimi nimelala hapa hapa nasikia nyundo. Hamkuniuliza. Basi leo na mimi siwaulizi, nawaambia.

Huyu ni Sumari. Alizaliwa mwaka sabini na nne, chumba cha nyuma, kwenye masika, na aliyempokea mikononi ni mimi kwa sababu gari la hospitali lilikwama kwenye tope. Marehemu dada yenu alimpa jina la babu yenu. Ana miaka ishirini na miwili. Aliyemgeuza Gidion ni mimi, na nyinyi wawili mlijua, mkanyamaza kwa sababu ilikuwa rahisi kunyamaza.

Usiniambie ni dawa zinaongea, Reginald. Dawa zenyewe mmeacha kuninunulia, kila kitu siku hizi ni Marekani.

Mtoto huyu alimaliza darasa la saba hakuchaguliwa. Mwaka ule shule nzima walichaguliwa wawili. Nani hapa mlimani asiyemjua mtu aliyerudia darasa kwa jina la mwenzake? Kuna watu wamefunga tai maofisini mjini ambao mama zao wakiwaita kwa jina la kuzaliwa, makarani hawajui anaitwa nani. Nilikuwa mwalimu mkuu Momela, daftari la mahudhurio lilikuwa kwenye droo yangu. Gidion aliacha shule darasa la tano akafuata wenzake Mererani kuchimba. Kila asubuhi nilisoma jina lake, hakuna anayeitikia, naweka sifuri. Siku moja nikaona kwamba lile ni jina ambalo halitumiki, kama dawati lisilo na mtu, nikamkalisha mjukuu wangu. Nashipae sikumwuliza. Alikuwa mjane anayeuza maziwa na mimi ni mwalimu mkuu, ningemwuliza angesema ndiyo mwalimu, kwa hiyo nikajifanya ameshasema.

Na hapo ndipo sifa zilipoanzia. Nani hangeshangaa? Mtoto wa miaka kumi na miwili, kwa karatasi, mrefu kama mlango wa kanisa! Alipoingia sekondari nikaanza kumpeleka uwanja wa Daraja Mbili, na wale vijana wanaokaa ukutani wakaanza: "Oya mlingoti, inama tukuone uso!" Baada ya mwezi wakaacha utani, wakawa wanapiga hesabu. Kama ana kumi na tano anagusa ringi, akifika ishirini na miwili itakuwaje? Atamfuta Thomasi, senta wetu wa zamani. Atamfuta Lemburis. Wakala naye alipokuja na kanda zake za video na miwani yake kichwani, alisema hayo hayo kwa Kiingereza, nyinyi mkapiga makofi.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hao wawili nimewafundisha mimi, si wakala. Nilikuwa kocha, mwanamke peke yake kwenye benchi la timu ya kiwanda, marefa wakiniuliza, mama, umemletea nani chakula? Thomasi alipita kwangu kabla jeshi halijamchukua. Ni kweli, akiwa na kumi na minane alidaka mpira kama mtu aliyetupiwa sufuria ya moto. Lakini Sumari hana kumi na minane! Kama ni kupima, mpimeni na Thomasi wa ishirini na miwili, na Thomasi huyo alikuwa kapteni wa timu ya jeshi, akisimama chini ya goli amekupa mgongo, watu wawili hawamsogezi, anazunguka kushoto, anazunguka kulia, hujui atatokea wapi. Refa anapiga filimbi, "Afande, hiyo faulo," na yeye, "Faulo gani, nimemsalimia." Sumari anazunguka kulia tu. Nimemwambia miaka sita. Akisukumwa mara mbili anatoka nje kutafuta nafasi ya kupumua.

Na Lemburis, yule Mwarusha aliyetoka kuchunga ng'ombe upande wa magharibi wa mlima, kiwanda kikampa kazi ili achezee timu, maana enzi hizo kiwanda kilikuwa kinawaachia wachezaji saa nane mchana waje mazoezini. Huyo mpira ukigonga ubao ukarudi, alikuwa ameruka mara tatu wakati wenzake wanaruka mara ya kwanza. Sumari anaruka mara moja, kisha anatazama. Usiinamishe kichwa, baba, sikutukani. Nakutazama vile ulivyo, na hakuna mwingine aliyekutazama hivyo, wote wanatazama karatasi.

Kwa maana kuna kitu unacho ambacho hao wawili hawakukipata mpaka walipoacha kucheza. Unaona. Mpira ukiwa mkononi mwako unajua nani yuko nyuma ya mgongo wako na anakimbilia wapi, unampa kabla hajaomba. Thomasi hakutoa pasi maishani mwake ila kwa amri ya mkubwa wake. Lemburis alidhani pasi ni kushindwa. Kwa hilo umewapita, na ningelisema hata kama ungekuwa mtoto wa adui yangu. Ningekuwa na miaka mitano zaidi ningekufanya uwafundishe wengine. Lakini si hicho wanachokifuata. Wanafuata miaka minne ya kukua, na hiyo miaka minne haipo, ilishapita hapa kwenye kihamba, ilikula loshoro yangu ya mahindi na maziwa mgando ikaisha. Watamngoja akue. Watamngoja anenepe, aongezeke inchi mbili, ajifunze kushoto. Mwaka wa pili watachoka, na hapo yuko ugenini kwenye theluji kwa jina la mtu, hana wa kumlilia. Unamwona Lemburis, Reginald? Kiwanda kilipouzwa, timu ikafa na kazi ikafa. Analinda geti la jirani yako huko Njiro, unampita kila asubuhi na gari. Na yule alikuwa hodari kweli kweli, kwa jina lake mwenyewe.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Wiki tatu zilizopita Nashipae alikuja hapa. Evelyn ulimpa chai, ukadhani amekuja kunipa pole. Alikaa hapo ulipokaa, Reginald. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. Gidion amerudi kutoka Mererani, jiwe limemponda mguu, hataingia shimoni tena, anataka kujifunza ushonaji kwenye chuo cha kanisa. Wakamwomba cheti cha darasa la saba. Akaenda ofisi ya elimu aombe kufanya mtihani, karani akafungua kitabu akamcheka: "Wewe Gidion gani? Gidion amefaulu zamani, yuko kidato cha sita." Nashipae akaniuliza, polepole, bila hata kupaza sauti, "Mwalimu, mwanangu anauliza, sasa yeye ni nani?" Nikamjibu nitafuatilia. Mnasikia? Nilikuwa najua, nikamwambia nitafuatilia, nikamaliza chai yangu.

Mkiapa kesho, pasipoti ikitoka, jina la yule kilema linapanda ndege, na hakuna ofisi Arusha nzima itakayomrudishia. Nawaomba. Sijawahi kuwaomba kitu, nilizoea kuamuru, sasa naomba. Najua Sumari atapoteza nini. Vyeti vyote. Kidato cha nne, na cha sita anachokaribia kumaliza. Atakuwa mtu wa miaka ishirini na miwili aliyefeli darasa la saba. Sina dawa ya hilo. Nimeitafuta kwenye dari hii wiki tatu, sina. Nikichagua kati ya vijana wawili, mmoja damu yangu na mmoja niliyemwibia, ningependa kuchagua wangu, Mungu ananiona, ningependa. Lakini siwezi kufa nimekaa juu ya mtoto wa mwenzangu.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Niliandika barua ya kukiri kwa ofisi ya elimu. Evelyn alishika kalamu, mimi nikasaini, mwinjilisti akashuhudia, iko pale mezani, chini ya Biblia. Ipelekwe kesho badala ya kiapo. Mkono wangu hauwezi tena kusaini nyingine, jana nilijaribu kushika kijiko. Kipande cha chini kisiuzwe, ng'oeni vile vigingi, ni cha Sumari kwa haki ya mama yake, kahawa ile bado inazaa. Nyumba na kipande cha juu yake ni vya Evelyn. Reginald, wewe una ukuta wako Njiro, chukua kiti cha baba yako na... na msamaha wangu, ukiutaka. Ng'ombe wangu wa maziwa mpelekeeni Nashipae. Msimwambie ni malipo. Mwambieni mwalimu amemaliza kufuatilia. Mnizike karibu na baba yenu, bila matarumbeta.

Sumari. Sogea. Kwetu mzee anambariki mtu kwa kumtemea mate na kumtaja kwa jina lake, na mimi siwezi kuweka mate yangu juu ya jina la kuazima. Niambie unaitwa nani. Usiangalie mjomba wako, niangalie mimi. Nani? Sisikii, masikio yanajaa... Sema tena.

Ndiyo. Ndiyo, baba. Lete uso. Sumari, mtoto wa mwanangu, mate haya yawe umande kwako. Uishi mpaka uzichoke nywele nyeupe. Wanaokuzunguka wakue. Ardhi ikukubali popote utakapo... utakapokanyaga.

Nini kinanguruma? Evelyn. Hilo si gari? Mbona kiti kitupu, Reginald alikuwa hapo sasa hivi. Tazama mezani. Inua Biblia. Inua, mwanangu, tazama vizuri.

Hakuna?

Ameichukua. Mungu wangu, ataichoma.

Sumari, simama. Tope limejaa mpaka darajani, hawezi kwenda haraka. Pita kwenye migomba, katisha, simama mbele ya gari umwambie jina uliloniambia mimi. Mbele kabisa. Hatakugonga, ni mwanangu, hatakugonga. Achia mkono wangu. Mimi niache, Evelyn yupo. Niache, baba, achia...

Kimbia.