Fundi Aliyekaukiwa Mate

Benchi la kijiwe hiki lilikuwa mlango wa nyumba ya watu kabla halijastaafu. Kitasa bado kipo, na ukikaa vibaya kitakukumbusha. Liko barazani kwa fundi cherehani, na wanaolikalia ni wale wanaojua kila kitu isipokuwa saa ya kurudi makwao. Yupo Redio, kinyozi wa chumba cha pili, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. Yupo Daktari wa Geti, mzee aliyelinda geti la hospitali mpaka akazeekea pale, akausomea udaktari kwa kuwauliza wagonjwa wanaotoka wamepewa nini. Mbele yao Bi Buli ameweka jiko na birika. Kahawa anauza, habari anabadilishana. Na mlangoni, nyuma ya cherehani, yuko Fundi mwenyewe, ambaye jioni hiyo alikuwa anapapasa tundu la sindano kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye nyumba aliyokwisha kuhama.

Tangu ujana wake Fundi hutia ncha ya uzi midomoni, anailowesha kwa mate, anaipitisha tunduni bila hata kuangalia, masikio yakiwa kwenye umbea. Sasa midomo imepasuka kama shamba la kiangazi na ulimi umelala kinywani kama kipande cha gunia. Uzi uliingia mkavu ukatoka mkavu, ncha imechanua kama mswaki wa msafiri. Akaitazama, akainama, akaichovya kwenye kikombe chake cha kahawa, kama alivyokuwa akifanya tangu asubuhi.

— Chovya, baba, chovya, akasema Redio. Hata mandazi huchovywa na hayalalamiki.

— Hilo la kuchovya ni dalili, akasema Daktari wa Geti. Na dalili ya mvua ni mawingu.

— Mvua gani tena, Daktari, mtu kakauka? akauliza Bi Buli.

— Ndiyo maana nikasema dalili.

Fundi hakuwajibu. Kujibu siku hizi ni kazi. Kila neno linambandua ulimi kwenye kaakaa kwa sauti, kama plasta inavyobanduka kwenye kidonda. Mkate haushuki bila maji. Mchuzi hauna ladha, chumvi ikizidi hajui, ikipungua hajui. Usiku anaamka kunywa maji, anapapasa upande wa pili wa kitanda, anakuta shuka limetandikwa vile vile, halina joto la mtu.

Maana sindano haikuwa shida yake kubwa. Shida yake ilikuwa simu. Mkewe alikwenda kwa binti yao kumlea mzazi, akaaga kwa mwezi mmoja. Mtoto aliyefuatwa akiwa mwekundu, macho hayajazoea mwanga, sasa anasimama kwa kushika viti. Na jana mkewe alikuwa amempigia, akamwambia maneno yaliyomlaza macho: “Mkwe ananiomba nibaki mpaka mtoto aanze shule. Kesho jioni unipigie, unipe neno moja tu, nije au nikae. Na usiponipa neno, hilo nalo nitalielewa.”

Fundi alitaka kumjibu pale pale. Akafungua mdomo, ulimi ukagoma, ikatoka “mm”. Mkewe akasema, “Haya,” akakata.

“Haya” ya mwanamke aliyeolewa miaka mingi si neno la kulichezea.

— Mimi nimefikiri sana juu ya mate yako, akasema Redio. Umelamba uzi tangu enzi zile tuna nywele. Kila uzi unaondoka na mate kidogo. Shati hili kidogo, suruali ile kidogo. Leo mji mzima unatembea na mate yako kwenye pindo.

— Mate hayaishi, wewe, akasema Bi Buli. Yangekuwa yanaisha, yako yangekwisha tangu asubuhi.

— Yanaisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Dawa yake nyepesi, awaite wateja wote warudishe nguo.

— Wazilambe?

— Wazifue, shangazi, maji wamletee.

Benchi likacheka, kitasa kikamchoma Daktari wa Geti, akahamia pembeni huku akiinua kidole.

— Huyo mnyoa vichwa hajui. Mate yana mabomba. Mawili chini ya ulimi, mengine mashavuni. Niliyaona hospitalini kwenye picha, ukutani.

— Kumbe leo unasema kweli, akasema Bi Buli.

— Subiri. Sasa bomba la shavuni linapita karibu na sikio. Na simu ina moto. Ukiweka simu sikioni, mate yanachemka, yanapanda kama mvuke. Ndiyo nikamwambia, ukiongea na mama watoto, iweke simu mbali, unyooshe mkono.

Redio akamgeukia Fundi polepole.

— Na wewe ukanyoosha?

Fundi akaitikia kwa kichwa.

— Ndiyo maana juzi shoga yangu ananiambia mumewe anaongea kama yuko kisimani, akasema Bi Buli. Mimi nikadhani ni mtandao. Kumbe ni Daktari.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema Daktari wa Geti.

— Alisikia la mkuu, na ndoa ndiyo inayovunjika guu.

Hapo hakucheka mtu. Bi Buli mwenyewe aliona neno lake limekwenda mbali kuliko alivyolituma, akalifuata kwa kahawa. Akamjazia Fundi kikombe mpaka ukingoni.

— Kunywa, shemeji. Chungu huita mate.

Fundi akanywa. Tangu asubuhi alikuwa anakunywa, kwa ushauri wa benchi, na kila kikombe kilimwacha mkavu kuliko kilivyomkuta. Akayainua macho kwenye msumari wa ukutani, linapotundikwa gauni la mkewe. Alilikata wiki aliyoondoka mwenye nguo, la maua madogo ya samawati, akalishona mabega, mikono na kiuno chake anachokijua bila futi. Limebaki pindo tu. Pindo hupimwa mtu akiwa amesimama mbele yako, anageuka taratibu, anakuuliza umeshamaliza au unanichezea. Kwa hiyo lipo pale, linakula vumbi, likipigwa na upepo linajigeuza kidogo.

— Mimi naona ni ukiwa tu, akasema Bi Buli. Wengine wakiwaza mtu hukonda. Huyu kakauka kuanzia mdomoni.

— Basi kesho macho, akasema Redio. Keshokutwa tunamkunja tunamweka sandukuni. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mpigie basi, Fundi, akasema Bi Buli. Jua linashuka.

— Nimpigie nimwambie nini? akasema Fundi kwa sauti ya karatasi. Kwamba nimekaukiwa mate? Mtu mzima? Atadhani nimekosa la kusema, nimetafuta ugonjwa.

— Mwambie “njoo”. Ni neno fupi.

— Fupi kwako. Lako halibandiki.

Na wakati wanabishana kama “njoo” ni neno fupi au refu, akapanda barazani mwanamke ambaye kijiwe hakikumjua. Alikuwa nesi aliyehamia mtaa ule karibuni, na mkononi alikuwa na gauni lake jeupe la kazi, lililotoka kwa Fundi siku ile ile. Hakusalimia kwanza. Alilikunjua pindo mbele yao, na pale kwenye mshono, kila uzi mpya ulipoanzia, palikuwa na tone la rangi ya kahawa. Pindo zima lilizungukwa na matone kama nyayo za paka.

— Shikamooni. Nani kalinywesha gauni langu?

Redio akaangalia juu. Daktari wa Geti akaangalia saa, na saa hana. Fundi akainuka, maana kazi ni yake.

— Mimi, mwanangu. Nililowesha uzi kwa kahawa. Mate sina. Nitalifua mwenyewe.

Nesi akamtazama midomo, si gauni tena.

— Hebu kaa, baba. Huna mate tangu lini?

— Tangu mkewe aondoke, wakasema watatu kwa pamoja.

— Sikuwauliza ninyi. Baba, una dawa yoyote unayokunywa?

Fundi akavuta droo ya cherehani, kati ya vifungo na chaki akatoa karatasi yenye vidonge vidogo. Nesi akaigeuza, akasoma kwa nyuma.

— Hivi ni vya mafua. Una mafua?

— Sina. Nilikuwa silali. Daktari akanipa, akasema vinalaza.

— Daktari gani?

Benchi zima likamwangalia Daktari wa Geti, naye akaanza kuvifunga vifungo vya shati lililokuwa limefungwa.

— Kulaza vinalaza, akasema nesi. Lakini vimetengenezwa kukausha, na havina macho, vinakausha pua vinapitiliza mpaka mdomoni. Unakunywa kila siku?

— Kila siku. Usiku mrefu, mwanangu.

— Na maji?

— Maji nanywa usiku. Mchana nanywa kahawa.

— Nayo inakukausha. Mama, huna maji hapo?

Bi Buli, ambaye hajawahi kuombwa maji tangu aanze biashara, akatafuta chini ya meza, akatoa dumu. Nesi akampa Fundi kikombe, akamzuia asinywe kwa pupa.

— Funda dogo. Lizungushe mdomoni kwanza. Hivyo hivyo kutwa nzima, kidogo kidogo, chupa iwe hapo kwenye cherehani. Ukipata chingamu isiyo na sukari, tafuna, mate huitika mdomo ukifanya kazi. Na mswaki usiuache, meno yasiyo na mate huoza upesi. Hivi vidonge hukuandikiwa, achana navyo. Kesho asubuhi njoo zahanati tukupime sukari, maana kiu na mdomo mkavu wakati mwingine ndiyo lugha yake.

— Nilitaka kusema sukari, akasema Daktari wa Geti.

— Ulisema simu, akasema Redio.

Nesi alikuwa ameanza kulikunja gauni lake. Akasita, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo.

— Na ukilala, baba, unalala mdomo wazi au umefumba? Maana wapo wanaoachama usiku kucha, mate yakapeperuka na pumzi.

Fundi akafikiri.

— Sijui. Huwa nimelala.

— Basi muulize unayelala naye.

Swali lenyewe ndilo hilo, la kawaida, la kuulizwa mtu yeyote. Lakini kijiwe kilichojua mabomba ya mate na mvuke wa simu kikakaa kimya. Redio akafungua mdomo akaufunga bila kutoa kitu, na wanaomfahamu watakwambia hilo halijapata kutokea. Bi Buli akainua birika kumimina, yakatoka mashapo peke yake. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeona ilipokwisha.

Fundi akapiga funda lingine la maji, akalizungusha, akalimeza. Akatoa simu mfukoni. Akasogea mpaka kwenye kona ya baraza, hatua chache tu, masikio ya benchi yakamsindikiza. Mara hii aliibana sikioni.

Ikaita. Ikapokewa. Nyuma alisikia mtoto anapiga sufuria.

— Enhe, akasema mkewe. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kunja nguo akaziweka kabatini.

— Mama watoto. Nina swali.

— Uniulize mimi? Si mimi niliyekuuliza jana?

— Mimi nikilala, mdomo huwa nafumba au naachama?

Sufuria ikanyamaza.

— Kwa nini unataka kujua?

— Nimeulizwa.

— Na nani?

— Na nesi.

— Nesi gani huyo? Yuko wapi?

— Hapa barazani.

— Hapo kwangu?

— Kaleta gauni. Kaniuliza nikilala naachama au nafumba.

— Na wewe ukamjibuje?

Fundi akaangalia msumari wa ukutani. Ulimi ulikuwa bado mzito, lakini maji yalikuwa yameulainisha kidogo, ukatosha.

— Nikamwambia sijui. Anayejua ni mmoja tu, na hayupo.

Fundi akamsikia mkewe anavuta pumzi, kisha anamwambia mtu mwingine huko ndani, shika mtoto. Aliporudi sauti ilikuwa karibu zaidi, kama na yeye ameibana simu.

— Mbona siku zote ulikuwa unaniitikia “mm”?

— Nimekaukiwa mate. Siwezi hata kutunga uzi.

— Tangu lini?

— Tangu mtoto azaliwe.

— Na lile gauni langu?

— Lipo. Linangoja pindo. Linataka usimame.

Mkewe akasema maneno mawili matatu ambayo benchi, pamoja na kujinyoosha mpaka Redio akakaribia kuanguka, halikuyasikia. Simu ikakatika.

Fundi akarudi taratibu, akaketi nyuma ya cherehani. Nesi alikuwa bado amesimama, gauni mkononi, hajui kama aondoke.

— Eh, kasemaje? akauliza Redio. Unaachama au unafumba?

— Hajasema.

— Sasa mmeongea nini muda wote huo?

— Kasema nisimjibu nesi kitu. Anakuja kuangalia mwenyewe.

Akainuka tena, akalishusha gauni la maua kwenye msumari, akatoka nalo nje kulikung'uta vumbi.