Kijerumani cha Kumwombea Hasani

Hapo Kivinje, mbele ya nyumba ya Abdurahmani muuza kahawa, palikuwa na benchi la watu wanaojua kila kitu. Alasiri ile Fakihi alikaa katikati yao. Mdogo wake Hasani alikuwa hoi kwa homa, siku ya nne hajaenda kulima pamba ya serikali, na kesho asubuhi wote wawili walitakiwa bomani. Mkalimani wa boma, Fakihi hakumwamini hata chembe. Juzi tu mtu kasema anaumwa, yeye kamfasiria Mjerumani kwamba mtu anakataa kazi. Basi Fakihi alitaka amweleze Mjerumani mwenyewe, kwa Kijerumani, na walimu ndio hawa.

— Umefika penyewe, alisema Mfaume, aliyeitwa Berlini kwa sababu aliwahi kubeba kitanda cha Mjerumani hadi Liwale. Anza na salamu. Guteni morigeni.

— Maana yake?

— Shikamoo.

— Shikamoo wapi! alidakia Yahya Risasi, ambaye hajawahi kushika bunduki. Mjerumani hana shikamoo. Hiyo ni "jihadharini, nimeamka."

— Halafu?

— Halafu yavoli, yaani ndiyo bwana, alisema Berlini. Akuulize lolote, wewe yavoli.

— Akiniuliza kama Hasani ni mvivu?

— Yavoli! Mradi ugonganishe visigino.

Hawa wataniulia ndugu yangu, aliwaza Fakihi, na hasira zikampanda. Akazimeza, maana walimu wengine hakuwa nao.

— Sasa hesabu, alisema Berlini. Ainsi, zwai, drai...

Benchi zima likaitikia, hata Abdurahmani na mdele wake wa kahawa mkononi, bila kukosea hata moja, mpaka funfu-unti-zwanzigi.

— Tano na ishirini, alifasiri Risasi. Wanatanguliza ndogo usije ukashtuka.

— Mbona Waarabu nao huhesabu hivyo hivyo? aliuliza Fakihi.

— Waliwaiga Wajerumani!

— Ebo! Wajerumani si wamekuja juzi?

— Wamekuja kwako juzi. Kwa Mwarabu walipita chini ya bahari, wallahi, kwa gari moshi.

— Haya, na ishirini na sita?

Hapo wote wakajikunakuna viuno.

— Kiboko cha bomani huishia ishirini na tano, ndugu yangu, alisema Berlini. Nasi tumesomea hapo hapo.

Mara akatokea Kazija, mkewe Hasani, anahema.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Shemeji, Hasani kazinduka. Anauliza, "mimi mgonjwa" kwa Kijerumani wanasemaje?

Fakihi akamgeukia Berlini. Berlini akamtazama Risasi. Risasi akainamia kikombe, na kikombe kilikuwa kitupu.

— Neno hilo, alisema Abdurahmani taratibu, hatujawahi kumsikia mtu akiachiwa alimalize kabla kiboko hakijashuka.

Kazija aliwatazama mmoja mmoja, wanaume wazima wanne. Kisha akajifunga kanga vizuri, akarudi kwa mumewe, na Fakihi akamfuata nyuma, neno lile hajalipata.